Kazi ya Nyumbani kwa Lugha ya Nyumbani: Wiki ya Masomo Katika Shule za Kikristo za Kasongo na Kabambare

Mkaguzi akifika katika shule ya msingi ya parokia, iwe Kasongo mjini au kijijini kwenye njia ya Kabambare, huomba karatasi kwanza. Anataka mpango wa mwaka, jurnali ya darasa, fishi za kutayarisha masomo, daftari la mahudhurio. Kisha anaketi nyuma ya darasa, anasikiliza somo moja au mawili, anaandika maoni yake na kutia sahihi. Kila linalotendeka ndani ya kuta zile lina daftari lake. Lisilokaguliwa na mtu yeyote ni lile la jioni, mtoto anapofungua kaye yake, yaani daftari lake la masomo, mbele ya mama na kusema: mwalimu ametupa kazi. Kwa maoni yangu, katika kusini mwa mkoa wa Maniema wiki nzima ya masomo inapata nguvu au inaipoteza hapo.

Nieleze kwanza wiki yenyewe inavyotengenezwa, maana wazazi wengi huijua kwa buletini tu, mambo yakiwa yamekwisha. Programu inatoka Kinshasa na ni moja kwa shule zote zinazotambuliwa na serikali, ziwe za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu au za Waislamu. Mwaka unaanza Septemba na kwisha mwanzoni mwa Julai. Katika shule ya msingi una mihula mitatu, na kila muhula una periodi mbili za alama, kisha mtihani. Kabla watoto hawajaingia, mwalimu anaigawa programu hiyo: sura hii mwezi huu, mada hii wiki hii. Halafu wiki inaingizwa katika jurnali siku kwa siku, kwa shule nyingi kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi: saa, somo, mada, zoezi. Kila somo lina fishi yake, yenye lengo, maswali ya kukumbusha yaliyotangulia, maelezo mapya, na mwishoni zoezi la kupima kama watoto wameelewa. Mkurugenzi anapitia na kutia sahihi.

Ni kazi kubwa, na wanaoidharau hawajawahi kukaa usiku na kuandika fishi za masomo ya kesho kwa mkono, kwa mwanga wa tochi, wakijua kwamba mshahara wa mwezi huu haujafika. Mwaka 2004, kule Mbudi, serikali na vyama vya wafanyakazi wa serikali walipatana juu ya ngazi ya mishahara. Miaka zaidi ya ishirini imepita na walimu bado wanaitaja Mbudi kila mgomo unapoanza. Mgomo ukianza, wiki zote zilizopangwa kwa uangalifu katika jurnali zinabaki maandishi matupu. Kijijini kuna sababu nyingine tena: mwalimu anayefuata mshahara wake mbali na shule anaacha darasa kwa siku kadhaa, na kila anayeijua barabara ya Kabambare wakati wa mvua anajua kwamba si siku chache.

Kwa nini shule hizi zimo mikononi mwa makanisa? Kasongo ulikuwa mji wa kusoma kabla misheni yoyote haijajengwa. Huu ulikuwa mji wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, mtu aliyeandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Waungwana wake, yaani Waislamu wenye kusema Kiswahili, walikuwa na vyuo vya Kurani, na watoto walihifadhi sura kwa mdomo na kuandika kwenye ubao. Ulikuwa pia mji wa biashara ya watumwa na pembe, jambo lisilofaa kufichwa. Mwaka 1893 askari wa Dola Huru ya Kongo, wakiongozwa na Dhanis, waliuteka. Mwaka 1906 dola hiyo ilitia sahihi mapatano na Vatikani: misheni zitapewa ardhi, nazo zitafungua shule. Mapadri Weupe walikuja Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20, na pamoja nao ikaja wiki ya aina mpya, yenye kengele, katekisimu, kusoma, kuhesabu na kazi ya shamba. Ukatekumeni wao ulichukua miaka minne, na ulikuwa kwa namna yake mfumo wa masomo ya kila juma na mazoezi ya kukariri nyumbani. Kasongo ikawa vikarieti mwaka 1952 na jimbo mwaka 1959.

Serikali ya Wabelgiji kwa muda mrefu ilitoa ruzuku kwa shule za misheni za Kikatoliki peke yake. Waprotestanti walipata yao baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kikongo zilifunguliwa tu chini ya waziri wa makoloni Buisseret, kuanzia mwaka 1954. Tazama hilo lilimaanisha nini kwa mji kama Kasongo, wenye Waislamu wengi kuliko karibu mji wowote wa Kongo. Familia nyingi za Kiislamu ziliiona shule ya padri kama mlango wa ubatizo, zikawazuia watoto wao, na vizazi viwili vitatu vikapita pembeni ya Kifaransa na kazi za ofisi. Athari yake bado tunaiona leo katika nyumba ambamo babu anasoma Kiarabu cha Kurani vizuri lakini hawezi kumsaidia mjukuu wake kwa sentensi moja ya Kifaransa.

Mwaka 1974 Mobutu alizitaifisha shule zote na somo la dini likaondolewa, na mahali pake yakawekwa mafundisho ya chama. Haikuchukua miaka mitatu. Usimamizi ulilegea kila mahali, na mnamo Februari 1977 serikali ilitia sahihi mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu kuwarudishia uongozi wa shule zao; Waislamu walifuata baadaye. Mkataba huo ndio unaotuongoza mpaka sasa: serikali inatoa programu, inalipa walimu na kukagua, kanisa linachagua wakurugenzi, linasimamia nidhamu na kufundisha dini yake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema shule ya Kikristo, usifikiri ina hesabu zake au jiografia yake. Tofauti iko katika sala ya asubuhi, katika somo la dini, na katika uhuru ambao kanisa linao wa kuamua jinsi walimu wake wanavyofanya kazi kila siku. Uhuru huo ni mkubwa kuliko wakurugenzi wengi wanavyodhani, nami nitaurudia.

Sasa twende kwenye kazi ya nyumbani. Katika jurnali inachukua mstari mmoja: ukurasa, au mazoezi mawili matatu. Lakini watoto hawana kitabu. Darasa likiwa na nakala chache, zinabaki kabatini kwa mkurugenzi ili zisipotee, na mwalimu anaandika mazoezi kwenye tablo, watoto wananakili. Hapa kosa la kwanza linaingia. Mtoto wa nyuma ambaye haoni vizuri anaandika 18 mahali pa 13, au anaruka neno, na tangu hapo anabeba nyumbani swali lisilo na jibu. Mzazi hawezi kujua kwamba swali limeharibika, na mtoto anajiona mjinga. Kesho yake anapata sifuri kwa swali ambalo mwalimu hakuuliza.

Kosa la pili liko katika kusahihisha. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi haitozi karo, na hilo ni jema kabisa, ni haki iliyokuwa imeandikwa katika Katiba ya mwaka 2006 na kungojewa miaka 13. Watoto waliofungiwa nje wameingia. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo uleule. Chukua darasa la watoto 60. Mwalimu akitoa dakika 2 kwa kila kaye, anahitaji saa 2 nzima kusahihisha kazi moja ya siku moja, bila kuhesabu fishi za kesho. Hawezi. Kwa hiyo anapita kati ya madawati, anaona nani ameandika na nani hakuandika, anatia alama nyekundu, anaendelea. Mtoto anajifunza upesi kwamba kinachotazamwa ni kaye iliyojaa, na rafiki aliyefanya kazi anawaazima wengine kabla ya kengele. Silaumu mwalimu. Nasema tu kwamba kazi isiyosahihishwa inafundisha kunakili, na afadhali itolewe kazi moja kwa wiki inayosomwa kweli kuliko tano zinazotiwa alama.

Yote hayo ni madogo kando ya lugha, nami naomba msomaji akae hapa kidogo.

Programu ya taifa inataka watoto wa miaka ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya taifa ya eneo lao. Kwetu ni Kiswahili. Kifaransa kinaingia kama somo, kisha polepole kinachukua nafasi ya lugha ya kufundishia, hadi madarasa ya juu yanasomwa kwa Kifaransa. Sheria ni nzuri. Lakini mtihani wa taifa wa darasa la sita ni wa Kifaransa, na shule inahukumiwa kwa watoto wangapi wamepita. Kwa hiyo haraka inaanza mapema. Mwalimu anaeleza somo kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kueleweka, lakini zoezi na kazi ya nyumbani anaviandika kwa Kifaransa, hata kwa watoto wa darasa la tatu, kwa sababu ndivyo vitakavyoulizwa siku moja. Jurnali inaonekana safi, na mkaguzi anaridhika.

Kisha kaye inafika nyumbani. Tuchukue swali la hesabu la kawaida kabisa. Mama amevuna magunia 3 ya mpunga. Kila gunia limetoa makopo 40 ya mchele. Ameuza makopo 75. Yamebaki mangapi? Mwanamke yeyote wa soko la Kasongo analijibu kabla hujamaliza kuuliza: 45. Mchele ndiyo maisha yake. Ndio zao lililoletwa na Waungwana na likawa chakula na fedha ya nchi hii. Liandike swali hilohilo kwa Kifaransa katika kaye ya mwanawe wa darasa la nne, na nyumba nzima inanyamaza. Mtoto anakwama kwenye neno la kuvuna, mama hajui kwamba anaulizwa jambo analolijua kuliko mwalimu mwenyewe, na baba anasema, nenda kamwulize kaka yako. Kama hakuna kaka anayesoma sekondari, kaye inafungwa. Kesho yake mwalimu anaandika kwamba mtoto ni dhaifu katika hesabu. Hakupimwa hesabu hata kidogo.

Huo ndio moyo wa hoja yangu. Kazi ya nyumbani iliyoandikwa kwa lugha ambayo nyumba haiisemi inamwondoa mzazi katika malezi ya shule, na baada ya hapo tunamlaumu mzazi huyohuyo kwamba hafuatilii. Nimesikia lawama hiyo katika mikutano ya komite ya wazazi, COPA, na kila mara waliolaumiwa walikuwa kimya, hasa akina mama, kwa sababu waliamini kweli kwamba hawana la kuchangia.

Mtu atasema: lakini kwa Wabangubangu wa Kabambare vijijini, au kwa Wazimba wa upande wa Kasongo, Kiswahili nacho si lugha ya kwanza. Ni kweli, na mwalimu mwema wa darasa la kwanza anatumia lugha ya kijiji bila kungoja ruhusa. Hata hivyo Kiswahili kinasemwa sokoni, kanisani, msikitini na redioni, na mama asiyekijua vizuri bado anaweza kukifuata akisomewa kwa sauti. Na Kiswahili cha Kasongo kiko karibu na cha pwani kuliko kile cha Kisangani au cha Bunia. Kitabu cha Kiswahili kinasomeka hapa bila shida kubwa. Utajiri huo tumeuweka kando kana kwamba ni mzigo.

Ushahidi kwamba nyumba zetu zinaweza kufundisha uko ndani ya shule hizohizo. Angalieni somo la dini. Sala, amri, habari za Biblia na nyimbo hufundishwa kwa Kiswahili, na mtoto akirudi nyumbani anakuta watu wanaovijua. Bibi anamsahihisha. Dada anaimba naye wakiosha vyombo. Katekista anamkuta Jumapili na kumwuliza tena. Ni kazi ya nyumbani inayofanyika kila juma bila kaye na bila taa. Watoto wengi wa Kiislamu wanaosoma asubuhi katika shule za misheni nao wanakwenda chuoni mchana, na sura walizopewa wanazirudia njiani na jikoni, kwa sababu baba anazijua na anasikiliza. Wana juma lenye masomo mawili, na hilo la pili halishindwi. Siri yake ni nyepesi: kuna mtu mzima nyumbani anayeelewa kilichotolewa na anayeona kwamba kinamhusu.

Kuhusu mwanga na muda nitasema machache. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na robo mwaka mzima, na nyumba nyingi hazina umeme. Mpunga unapoiva, watoto wanakwenda kuamia ndege tangu alfajiri. Wasichana wana maji, kuni na wadogo zao. Upande wa Kabambare kuna dhahabu: karibu na Salamabila kuna mgodi wa Namoya, ambako kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na kando yake wachimbaji wadogo ambao miongoni mwao kuna watoto wanaobeba na kuosha mchanga. Ghasia za kundi la wapiganaji la Mai-Mai Malaika zimewakimbiza watu wa huko zaidi ya mara moja, na mtoto aliyekimbia anaiacha kaye yake nyuma pamoja na alama zake zote. Mbele ya hali kama hiyo, kazi ya nyumbani inayodai saa 2 za kukaa mezani usiku ni ya watoto wa mji mwingine. Inapasa kuwa fupi, iweze kufanywa mchana, na hata kwa mdomo.

Kwa hiyo nini kifanyike? Kwanza nataka jurnali itenganishe aina mbili za kazi, ambazo leo zimechanganywa. Mazoezi ya Kifaransa yafanywe shuleni, mwishoni mwa asubuhi, mwalimu akiwepo, hata kama ni nusu saa tu, kwa sababu yeye ndiye pekee anayeweza kusaidia. Nusu saa hiyo ipatikane kwa kupunguza kunakili. Kazi inayokwenda nyumbani iwe ya Kiswahili mpaka mtoto amalize darasa la nne, na iwe ya kuuliza na kuhesabu. Mtoto amwulize babu ni miezi gani mto Luama hufurika na watu walivukaje zamani, arudi na sentensi 5. Apime pamoja na mama makopo yaliyobaki baada ya soko. Aseme majina ya miti mitano ya dawa na kazi yake. Asomee wadogo zake ukurasa mmoja kwa sauti, na mzazi atie alama ya kidole kwamba amesikia. Mwalimu hahitaji kusahihisha kaye 60 za kazi ya namna hiyo; anawasikiliza watoto 10 kila asubuhi, na kwa siku 6 za juma darasa lote la watoto 60 limesikilizwa.

Kuna wanaohofu kwamba hivyo tutawanyima watoto Kifaransa na mtihani wa darasa la sita. Hofu hiyo naiheshimu, maana cheti kinafungua milango na wazazi wametoa jasho kwa ajili yake. Lakini mtoto anayeelewa swali la mchele kwa Kiswahili anahitaji kujifunza maneno tu ili kulijibu kwa Kifaransa. Asiyelielewa kwa lugha yoyote anajifunza kukariri umbo la jibu, na anakwama siku mtihani unapobadilisha tarakimu. Kifaransa chenyewe kitapata saa zake kamili, mikononi mwa mwenye kukijua.

Jambo hili halihitaji amri kutoka Kinshasa. Programu tayari inaruhusu Kiswahili katika madarasa ya chini. Mkataba wa 1977 tayari umewapa makanisa uongozi wa siku hadi siku. Kasongo tayari ina ofisi yake ya elimu, makao ya mkoa wa elimu wa Maniema 2, na jimbo lina uratibu wake wa shule. Walimu hukutana kila mara kujadili mbinu za kufundisha na kutazama somo la mfano. Mkutano mmoja unatosha kuanza: walete jurnali zao, wapitie mstari wa kazi ya nyumbani, na kwa kila zoezi wajiulize nani nyumbani ataweza kusaidia.

Kwenu wakurugenzi, mapadri na wachungaji mnaosimamia shule hizi: anzeni na darasa moja muhula ujao. Na ninyi wazazi wa COPA, Wakristo na Waislamu, msiende mkutanoni kusikiliza michango tu. Chukueni kaye ya mtoto mkononi, iwekeni mezani, na mwombeni mwalimu awasomee kwa Kiswahili kazi aliyoitoa juma hili.